Mwaka wa Mashine Yenye Kiu

Saumu alinipigia simu wiki moja baada ya arobaini ya baba yake, Nahodha Mwinshehe. Tukaamkiana, kisha, bila kuulizia kuku wala mvua kama ilivyo desturi yake, akasema, "Shangazi, kesho mafundi wanakuja kuvunja chombo cha baba. Kimeoza, hakuna wa kukitengeneza. Kuna kitu chako kimo ndani, njoo ukichukue." Nikamwambia ndani ya chombo kile sina changu. Mashine yangu ya boti niliiuza zamani nikanunua nyingine, na hiyo nyingine nayo nikaiuza. Madumu yangu niliyahesabu siku ya mwisho, nikayahesabu tena, yakatimia. "Kipo," akasema, "na baba alisema ni chako." Basi asubuhi nikatoka Bagamoyo mjini kwenda Mlingotini kwa bodaboda, baada ya kupatana nauli na kijana mpaka akaapa kwamba kwa bei ile hanibebi hata nikilia, kisha akanibeba.

Nilipofika, Saumu alikuwa ameshashuka pwani na mafundi. Alikuwa ameniachia chupa ya chai na vitumbua chini ya kawa, na agizo kwamba nimsubiri jikoni, kwa sababu anajua katika nyumba ile sebuleni sijawahi kukaa. Jiko la uani la marehemu Nahodha Mwinshehe limebadilika. Makuti yametolewa, limeezekwa bati. Pembeni kuna jiko la gesi limefunikwa kitambaa kama bibi harusi. Lakini boriti ya katikati ni ileile: ndefu, ya mviringo, nyeusi kwa moshi, na kwenye ncha yake ina tundu ambalo boriti ya nyumba haina kazi nalo. Ule ulikuwa mlingoti. Nahodha aliung'oa chomboni mwaka ule tuliofunga mashine, akaupandisha juu ya mafiga ya mkewe, na chini yake ndipo nilipokula, nilipolia mara moja bila kuonekana, na nilipopata jibu la jambo lililokuwa karibu kunimaliza. Nikamimina chai, nikavuta mbuzi ya kukunia nazi, nikaikalia kama zamani. Magoti yalilalamika, lakini ndiyo kazi yao sasa.

Mwaka ule nilikuwa sijafika thelathini. Nilizaliwa na nani na nilisoma mpaka wapi, havina kazi hapa. Mimi nilikuwa mkaanga samaki kwenye soko la pwani pale Bagamoyo, katika ule mstari wa makarai ambamo kila mwanamke ana nafasi yake, na nafasi ni mali kama shamba: inarithiwa, inauzwa, inagombewa. Yangu ilikuwa upande unaotoka upepo, yaani moshi wangu uliwapata wenzangu na moshi wa wenzangu haukunipata. Watu waliniita Mara Mbili, kwa kuwa samaki nilihesabu mara mbili, chenji nilihesabu mara mbili, na mtu akinipa mkono kwa furaha iliyozidi, nikishauchukua wangu nilihesabu vidole. Karai lilinifundisha kwamba mkaangaji anangoja bei ya mchuuzi, na mchuuzi anangoja bei ya mwenye chombo. Nikaamua kwenda kukaa pale bei inapoanzia. Nikaiuza nafasi yangu kwa shoga yangu Chausiku, nikaweka juu yake akiba yangu yote, nikanunua mashine ya boti iliyokwisha kutumika. Nafasi sokoni ukishaiuza hairudi. Hilo nililijua, na kila mtu alinikumbusha ili nisije nikasahau.

Mashine niliinunua Kunduchi, kwa mtu aliyekuwa akihamia kubwa zaidi. Tulianza kupatana baada ya chai ya asubuhi, na adhana ya adhuhuri ikatukuta bado tunapatana. Alitaja bei yake, nikacheka. Nikataja yangu, akacheka zaidi. Niliondoka, nikaitwa, nikarudi, nikaondoka tena, nikaitwa tena, safari ya mwisho nilifika mpaka barabarani, nasikiliza nyuma yangu kwa masikio yote mawili, ndipo akapaza sauti, "Dada, rudi, utaniua!" Niliipata kwa bei ambayo hata leo nikiikumbuka nacheka peke yangu. Na ile bei nzuri, nilikuja kuelewa baadaye, ndiyo iliyonifumba macho.

Chombo kilikuwa cha Nahodha Mwinshehe, mzee wa Mlingotini ambaye ujana wake wote alisafirisha chumvi na makuti kwa tanga, huko Pangani na Unguja, kabla ya kuhamia kwenye samaki. Alikubali mashine yangu baada ya kuitazama siku nzima kama mtu anayeletewa posa. Mapatano yetu yalikuwa ya kawaida ya pwani: samaki wakiuzwa, kwanza inatolewa petroli, kisha kinachobaki kinagawanywa mafungu, fungu la chombo, fungu la mashine, na fungu la kila baharia. Mpango mzuri, hauna dhuluma. Kasoro yake ni lile neno "kwanza". Maana mashine yangu ilikunywa. Wenzetu waliokwenda maji yaleyale, na mashine za nguvu ileile, walirudi na petroli ikicheza ndani ya dumu. Sisi tulirudi na madumu yanayolia kama ngoma. Kabla samaki hawajapangwa, petroli ilikuwa imeshakula, na mabaharia waligawana mchuzi.

"Bi Mashine," alinipokea siku moja Sefu, baharia aliyekuwa na mdomo kuliko wenzake, huku akiligonga dumu tupu, "mgonjwa wako amemaliza dawa."

"Mnamkimbiza sana."

"Tunamkimbiza? Mtumbwi wa makasia umetupita leo. Mwenyewe ametupungia mkono, tena kwa huruma."

Sokoni nako hakukuwa na pa kujificha. Nilipopita kwenye mstari wa makarai, Chausiku alikuwa amekaa mahali pangu, moshi unawaendea wengine, uso wake mkavu na wa raha. "Shoga, mashine bado inakunywa?" Nikasema inapungua. "Alhamdulillahi. Karibu samaki wa kukaanga, nitakufanyia bei ya wageni." Nilinunua. Alinipunja kipande kimoja, nikakiona, nikanyamaza, na kunyamaza kwangu kulimtia hofu kuliko ugomvi.

Nikamtafuta Fundi Josefu. Huyu alikuwa mtu wa Ubena, kule barabara kuu, aliyeanza na mashine za kusaga na pikipiki kabla ya kuteremkia pwani kufuata mashine za boti. Alikuja Mlingotini akaitundika mashine yangu hapa uani, ndani ya pipa la maji, akaiwasha, na kwa siku mbili nyumba hii haikusikilizana. Bi Tatu, mke wa Nahodha, alipika wali wa nazi na kibua wa kukaanga, akamwekea Josefu sahani ya peke yake kubwa kuliko zetu, akisema mtu anayefanya kazi na pua ndani ya petroli hasikii ladha, kwa hiyo inabidi apewe wingi. Josefu alikula, akarudi pipani. Na makosa aliyapata, simnyimi haki yake. Plagi zilikuwa nyeusi kama sufuria la msibani. Boya la ndani ya kabureta lilikuwa linakwama, petroli inapita bila kuhesabiwa. Mpira wa kutoka kwenye dumu ulikuwa na ufa mdogo unaotoa jasho. Tena alimwita Sefu, akamwambia achanganye oili na petroli mbele yake kama anavyochanganya siku zote. Sefu akamimina oili kwa jicho, kwa mkono mpana wa mtu anayeungia mboga ya mwenzake. "Ndugu yangu," Josefu akasema, "hii ni mashine, si futari." Kuanzia siku ile tukawa na kikombe cha kupimia, na nilikipima kikombe chenyewe.

Ikapungua kweli. Ikapungua kidogo, kama homa inayoshuka asubuhi ili ipande jioni. Josefu akarudi, akafungua, akafunga, akasikiliza. Kisha akajifuta mikono taratibu, akaniambia neno ambalo mafundi wengi hawalisemi. "Dada, mashine haina kosa tena. Naweza kukudanganya nikabadilisha kitu kingine, utanilipa, nami nitakuwa nimekudanganya. Tatizo haliko humu." Nilipaswa kumwuliza: basi liko wapi? Badala yake nikapanda gari kurudi Kunduchi kugombana na aliyeniuzia. Maana nilikwisha kujihakikishia: kwa bei ile niliyoipata, lazima mashine ilikuwa na ugonjwa uliofichwa. Mtu mwenye kupatana anaamini kitu kimoja tu, kwamba hakuna anayekubali kushindwa bila sababu. Yule bwana alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi, akaniagizia soda, akasema, "Dada, mimi mashine ile ilikuwa ikisukuma boti. Wewe unasukuma nini?" Nikaiona ni kejeli. Nikainywa soda yake kwa hasira na nikarudi nyumbani. Jibu nilikuwa nimepewa, tena pamoja na soda, nikachukua soda peke yake.

Jioni moja nilikuwa hapa jikoni nakuna nazi, na mabaharia walikuwa nje wamekalia mtumbwi uliofudikizwa, wanakula mihogo. Ukuta ulikuwa wa makuti, na makuti hayazuii kitu. Nikamsikia Mbaraka, aliyekuwa mpole kuliko wote, anasema, "Mimi namaliza bamvua hili, maji makubwa yakipungua tu nahamia kwa watu wa Mbegani. Nina watoto." Sefu akajibu, "Na mimi. Ila Nahodha tutamwambiaje?" Mbaraka akatafuna muhogo. "Akiachwa sasa, nani atampa chombo kingine mzee yule? Vijana wote wanataka nahodha wa mashine." "Na yule mwanamke?" "Yule mwanamke kauza karai lake." Mikono yangu haikusimama, ikaendelea kukuna mpaka nikakuna kifuu. Bi Tatu alikuja, akachungulia ndani ya sinia, akaona unga mweusi umechanganyika na nazi, akaliondoa taratibu mbele yangu. Hakuniuliza. Alisema tu, "Leo tutakula chukuchuku. Nazi inaleta kiungulia." Hapo ndipo nilipolia, nimeugeukia moshi ili moshi ubebe lawama.

Kesho yake nikashuka pwani. Maji yalikuwa yamejaa, na vyombo vilikuwa vimetia nanga pamoja, chetu na cha jirani, vya urefu mmoja, karibu ndugu. Cha jirani kilikuwa kimeingia na samaki, bado hawajashushwa. Chetu hakikuwa kimetoka; kilikuwa kitupu, hata madumu yalikuwa nyumbani. Mimi bahari nilikuwa naijua mpaka magotini tu, lakini uzito naujua. Tenga la samaki nikilitazama linavyokunja mkono wa mchukuzi, nakutajia kilo zake. Nikatazama mahali maji yalipofika kwenye ubavu wa cha jirani. Nikatazama chetu. Nikarudia, kwa kawaida yangu. Chombo chetu kitupu kilikuwa kimezama sawasawa na cha jirani kilichojaa. Nikamwita Sefu, nikamwambia chombo kinavuja, kina maji. Akaingia na kata ya kuchotea, akatoa kopo moja la maji na kaa mmoja mwenye hasira. "Kikavu, Bi Mashine. Labda kimelemewa na mawazo."

Nikapanda huku juu na jambo hilo kichwani. Bi Tatu alikuwa anachochea moto chini ya mlingoti wake. Nikautazama ule mlingoti, na kwa mara ya kwanza nikauliza swali la kijinga, nalo ndilo lililokuwa na akili. "Bi Tatu, vitu vingine vya tanga vilikwenda wapi?"

"Vitu gani? Tanga limefunika kuni, lile pale. Kamba tumefungia mbuzi. Gofia ya kupandishia tanga Saumu aliichezea ikapotea."

"Ni hivyo tu vilivyokuwa vya tanga?"

"Na mawe. Mawe yamo chomboni."

"Mawe gani?"

Akanigeukia kama mtu aliyeulizwa kama mchele una maji. "Farumi, mwanangu. Mawe ya kukituliza chombo, tanga lisije likakilaza. Yako chini ya mbao za sakafu, tangu sijaolewa. Hayo hayatolewi. Kwani hukuyajua?"

Nilirudi pwani mbio, na mimi si mtu wa mbio. "Sefu! Mle chini ya sakafu mna mawe?" "Yamo," akasema. "Mengi?" "Ya kutosha." "Mbona hukuniambia?" Alishangaa kwelikweli, masikini, hakuwa na ubaya. "Hukuniuliza. Wewe uliuliza habari za mashine."

Nimelifikiria jambo hili miaka mingi. Hakuna aliyenificha. Nahodha alikuwa amezoea mawe yale kama mtu alivyozoea uzito wa mguu wake. Mabaharia waliyakanyaga kila siku. Bi Tatu aliyajua. Hata mbuzi, kama angeulizwa, angesema. Lakini mashine ilikuwa mgeni, tena mgeni wa bei rahisi, na ndani ya nyumba kikipotea kijiko anatazamwa mgeni kwanza. Tulikuwa tumeng'oa mlingoti, tumetoa tanga, na kitu kilichowekwa kwa ajili ya mlingoti na tanga tumekiacha kinakula petroli chini ya miguu yetu. Hata kule nyuma, kwenye tezi, tulikuwa tumeipandisha mashine juu ya gogo ili isimeze maji, na hakuna aliyejiuliza kwa nini chombo kimekaa chini hivyo.

Kujua ni kitu kimoja, kumtoa nahodha mzee farumi yake ni kingine. Ningemwambia mbele ya mabaharia kwamba yeye ndiye aliyekuwa akinywa petroli yangu, angekipaki chombo, na angekuwa na haki. Nikangoja apate chakula chake, mihogo na chukuchuku ya samaki changu, hapa hapa mlangoni mwa jiko.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kwa miguu ya taratibu. Kuna jambo."

"Nimekuja kununua."

"Samaki hawajaja."

"Mawe. Yale yaliyomo chomboni. Nataka kujenga baraza, na ya matumbawe yananichuna."

Akatafuna kwanza. "Wewe umepanga chumba."

"Ndiyo maana naanza na baraza."

Bi Tatu akakohoa ndani ya moshi. Nahodha akamtoa changu mwiba, polepole, akauweka pembeni. "Chombo bila farumi hakina adabu. Kinamrukia kila anayekipungia."

"Ulikuwa na tanga la kukilaza, mzee. Tanga sasa linalaza kuni."

"Nusu. Chukua nusu."

"Baraza la nusu ni kizingiti. Yote. Farumi nyingine nitakuletea mimi: kasha la barafu, likae katikati."

"Barafu inayeyuka."

"Ikiyeyuka, samaki wameshaingia mahali pake. Mawe yako unakwenda nayo na unarudi nayo, wala sokoni hakuna anayeyaulizia."

Alicheka kwa pua, akaacha kula. Alikuwa ameshanielewa kitambo, labda tangu neno baraza. Mtu aliyeuza chumvi bandari zote zile hadanganywi na mkaanga samaki. Ila nilikuwa nimemletea mlango wa kutokea, na alikuwa anautazama kama unafunguka vizuri. "Ninayo bei," akasema. "Si ya fedha. Kesho utakwenda nami, chombo kitupu. Utakaa mbele, kwenye omo. Tukirudi, kama bado unataka kununua, yote ni yako." Mimi, wa maji ya magoti. Nikamwambia bei ni kubwa. "Punguza, basi," akasema, akiwa na raha. "Kaa katikati." Nikasema, "Nitakaa mbele." Ndiyo mara pekee maishani mwangu niliyopatana nikapandisha.

Asubuhi wakayatoa mawe wakayapanga mchangani. Hayakuwa mawe ya pwani yetu. Yalikuwa ya mito na visiwa, laini, ya mviringo, na Nahodha alitembea kati yake akiyataja kama watoto: hili la Wami, hili la Mkokotoni, hili alipewa na mtu aliyekuja kuwa adui yake. Kwenye moja la kijivu lenye mshipa mweupe alisimama muda mrefu. "Hili la Pangani. Safari yangu ya kwanza kuitwa nahodha." Nilihesabu mawe, thelathini na manne. Nikahesabu tena.

Habari za safari yenyewe sitazirefusha. Chombo kiliruka. Chai yangu niliitoa kabla ya mwamba, na vitumbua baada ya mwamba, na Sefu alinishika kwa nyuma ya kanga kama mtu anayemshika mbuzi wa Idi. Lakini katikati ya mateso yale nikasikia mashine inabadilika sauti, inashuka, inanong'ona. Nikadhani inakufa. Nikageuka. Nahodha mwenyewe, mkono juu ya mashine, alikuwa amepunguza moto. "Mbona umepunguza?" nikapiga kelele. Akatazama maji yanavyopita ubavuni, akautazama tena mkono wake mwenyewe, kama si wake. "Tumeshafika mwendo," akasema. Siku zote zile mkono ule ulikuwa haujapata kurudi nyuma. Wimbi likija kwa nyuma mashine ilipiga yowe, kwa sababu sasa ilikuwa juu mno, inatoka majini. Hilo Josefu alilimaliza kwa kulitoa lile gogo na kuishusha, kwa chakula cha mchana na nauli ya kwenda Ubena. Lakini tuliporudi pwani siku ile nilinyanyua dumu, uso wangu wa kijani, na dumu likauvuta mkono wangu chini. Lilikuwa zito. Niliweka, nikanyanyua tena.

"Bado unanunua?" Nahodha akauliza.

"Bado."

"Na baharini?"

"Baharini nakuachia."

Mawe niliyapitisha kwenye mizani ya sokoni, na wenye mizani wakanicheka mpaka waliposoma. Yalizidi uzito wa samaki wa siku yetu bora kuliko zote. Kila asubuhi tulikuwa tunatoka tumeshapakia. Bamvua lile likaisha na Mbaraka hakwenda Mbegani. Alisema watoto wake wamebadili mawazo, na mkubwa wao alikuwa hajajua kusema. Mafungu yakawa mafungu. Kabla ya Ramadhani nilikuwa napanga bei pale pwani, na Chausiku alikuja kununua kwangu. Nikamwongezea kipande kimoja, kile alichonipunja, akakijua. Nahodha Mwinshehe aliendelea kukishika chombo kile kwa miaka mingine mingi, na vijana wa mashine walikuja kwake kujifunza mahali pa kupunguza moto. Mimi baraza nililijenga, nyumba ikafuata baadaye, kinyumenyume. Na siku hizi mtu akinijia analalamika kwamba mashine aliyoinunua inakunywa, namwambia asafishe plagi, atazame mpira, apime oili. Kisha namwuliza chombo chake kilikuwa na kazi gani kabla ya mashine.

Chai ilikuwa imepoa Saumu alipoingia, mchanga mpaka magotini, ameshika kitu ndani ya kanga kuukuu kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Akakiweka chini mbele yangu, akakifunua. Kijivu, laini, mshipa mweupe.

"Lilikuwa mbele kabisa, kwenye omo, limefungwa na kamba lisitingishike," akasema. "Baba aliniambia alipokuwa anaumwa. Alisema, 'Siku mkikivunja, lile la Pangani mpeni Mara Mbili. Alilipia.' Kumbe yalikuwa mengi?"

"Thelathini na manne. Nyumbani yalifika thelathini na matatu."

"Na ulijua?"

"Mwanangu, unaongea na nani?"

Akacheka, kisha akafuta macho kwa kiwiko, maana mikono ilikuwa na lami. "Mbona hukumdai? Wewe?"

Nikamwambia ukinunua fungu la samaki, muuzaji anakutupia mmoja juu, nyongeza, ili urudi tena kesho. Siku ile mimi nilikuwa mnunuzi, lakini nyongeza niliitoa mimi. Na alirudi kila kesho, mpaka zilipokwisha.

Kijana wa bodaboda alipoliona jiwe akakunja uso. "Mama, mzigo huo una bei yake. Na mawe mbona yamejaa njiani, utaokota la bure?" Akataja bei. Ilikuwa kubwa, ya uonevu, na yeye mwenyewe aliitaja akiwa ameshajiandaa kuishusha. Nikalipakata jiwe mapajani mwangu, nikampa fedha aliyoitaja, taslimu. Aliitazama. Akanitazama. Akaihesabu, akaigeuza, akaihesabu tena.